Kiti cha Nyuma ni cha Mama

Baba,

Sauti iliyobaki masikioni mwangu ni ya pikipiki yako ndogo ikipanda mlima wa kwenda Njombe kwa gia ya kwanza, mimi juu ya tangi, wewe katikati, Mama nyuma. Ililia, ikalia, ikazimika. Mama akashuka, akavua viatu, akaupanda mlima kwa miguu. Ukamwambia, "Siku moja nitakupeleka Kitulo ukaone maua, na hutashuka njiani." Kisukari kikakuwahi.

Tangu tulipokuzika Lyamkena, Mama alikuwa anajua njia mbili tu: shambani na kanisani. Mimi nafundisha fizikia Njombe, na kila nikirudi nyumbani namkuta amekaa palepale. Ndipo nikaamua kununua pikipiki kubwa, ya watu wawili na safari ndefu. Baba mdogo alicheka. "Nunua gari, binti. Au umeajiriwa kupeleka barua Malawi?" Lakini hukumwahidi gari, Baba.

Nilikosea mwanzoni. Muuzaji alinionyesha moja ndefu, nyembamba. "Dada, hii inapita popote. Wanaume wanaililia." Niliizungusha uwanjani peke yangu, nikaipenda papo hapo. Ndivyo tunavyochagua wote huku: kwa anayekaa mbele. Wa nyuma atajibana. Nashukuru sikulipa siku ile. Nilirudi na Mama, nikampandisha, na vidole vyangu vya miguu vikagusa ardhi kwa shida. Ikaanza kulala. Muuzaji aliidaka kwa kifua. Mama hakupiga kelele, alisema tu, "Ng'ombe huyu hajafunzwa."

Nikachagua nyingine: fupi, nzito, silinda mbili, kiti cha nyuma kipana chenye egemeo, springi zinazokazwa ukibeba abiria, masanduku mawili ya mizigo pembeni. Nilisoma kitabu chake, nikajumlisha uzito wangu, wake, na mizigo. Ilitosha na kubaki.

Tatizo likawa masanduku. Unamjua Mama. Kama mama zetu wote, hupanda pikipiki kwa kukaa upande, kitenge kimetulia, na masanduku hayakuacha nafasi ya miguu. Muuzaji akasema tuyatoe. Nikakataa. Anayekaa upande anauvuta uzito wote upande mmoja, na zile kona za Makete ni mbaya. Mama akanitazama. "Mimi mjane wa watu nikae kiume, Lyamkena nzima iangalie?" Tulirudi kwa basi bila pikipiki, na wiki nzima niliamini nimeshindwa kutimiza ahadi yako.

Jumapili, baada ya ibada, alitoka chumbani amevaa suruali yako ya kahawia. Siku ya kugawa nguo zako aliificha, shangazi wakanung'unika sana. Kumbe ameipunguza kiuno kwa mkono, ameikata miguu, ameipinda vizuri. Juu yake kitenge kimefungwa kifupi. Majirani walikuwa bado wanapita kutoka kanisani. Akasimama mlangoni waone vizuri.

"Nenda kailete," alisema.

Baba, ungemwona! Tulitoka nyumbani Makambako Ijumaa asubuhi, ukungu bado umelala barabarani. Mwanzoni alinishika kama anazama. Baada ya Njombe akalegea, na kona zote za Makete tuliinama pamoja, bila mimi kumwambia. Injini haikulalamika mahali popote. Hakushuka kwenye mlima hata mmoja.

Kitulo alivua helmeti na kukaa kwenye nyasi, njano na zambarau mpaka mwisho wa macho. Kisha akasema, si kwangu, "Kumbe hakunidanganya."

Nakuandikia kutoka Matamba, tulikolala. Tulipanga kurudi leo. Asubuhi Mama ameuliza barabara hii inashukia wapi. Nimemwambia Chimala, halafu Mbeya. Hajafika Mbeya maisha yake yote, wala wewe hukuwahi kumtajia.

Pumzika, Baba. Nakuahidi nitashuka kona za Chimala taratibu, na sitamwuliza kama amechoka, maana nitamuudhi. Shuleni nimeshaomba siku mbili zaidi, mafuta nimejaza, na mke wako ameshapanda, ananisubiri nimalize kuandika.

Binti yako.