Mama, Ulimbeba Zimi Mgongoni Hadi Makanya

Mama mpendwa,

Juzi nimestaafu. Wanafunzi wangu wa udaktari wa mifugo walinifanyia sherehe ndogo ukumbini, soda na maandazi, na mmoja wao, binti kutoka Kighare, akasimama akauliza, "Mwalimu, magonjwa yako mengi. Kwa nini ulichagua moyo wa mbwa?" Nilitaka kumjibu kisomi. Badala yake nikaanza kucheka, nikacheka mpaka nikavua miwani, kwa sababu nilikuona wewe unashuka mlima wa Suji na mbwa mgongoni, umemfunga kwa kanga kama mtoto mchanga. Nikawasimulia. Niliporudi nyumbani nikaona bado nina maneno, na mwenye kuyapokea ni wewe, ingawa ni miaka tisa sasa tangu tukuzike.

Unakumbuka Zimi alivyopata jina. Alizaliwa wiki ambayo redio ya jirani haikuwa na habari nyingine ila Azimio la ujamaa, na Baba, aliyekuwa amekuja likizo kutoka shamba la mkonge, akampa mtoto wa mbwa jina hilohilo. Mzee Kiondo, mwenyekiti wetu, alikuja kwa heshima zote kukueleza kwamba jina kama lile halifai kuitwa mbwa anapofukuzwa jikoni. Hukubishana naye. Ulilikata jina mwanzo na mwisho, akabaki Zimi.

Tulipoanzisha shamba la ujamaa kule chini tambarare, Zimi akawa mfanyakazi kuliko wengi wetu. Nyani walikuwa wanashuka asubuhi na kuvunja mahindi mabichi, nao walikwisha kugundua kwamba wanawake na watoto hawana cha kuwafanya. Zimi ndiye waliyemwogopa. Ulikuwa unawaambia wenzako, "Huyu angeandikiwa siku zake za kazi kama mtu, angetushinda wote."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja alipoanguka mara ya kwanza. Aliwakimbiza nyani hadi kwenye korongo, akageuka kurudi, miguu ikamlegea akalala ubavu. Nilidhani amekufa. Baadaye kidogo akainuka, akajikung'uta, akatutazama kama mtu aliyejikwaa mbele za watu. Kisha kikaja kikohozi kikavu cha alfajiri, halafu tumbo. Tumbo lile likakua mpaka mbavu zikachongoka juu yake, na kijiji kizima kikapata kichekesho: dume lina mimba. Mama Senzota alikuuliza kisimani utamwita nani mjukuu. Ukamjibu, "Akizaliwa wa kike nitamwita jina lako," na wanawake wakacheka mpaka maji yakamwagika.

Lakini Mzee Kiondo hakucheka. Mwaka uliotangulia mbwa mwenye kichaa alikuwa amewauma watoto wawili kijiji cha chini, na tangu hapo mbwa yeyote mgonjwa aliogopwa. Alikuja uani akiwa na mgambo mmoja. Akasema kwa sauti ya chini kwamba Zimi atapigwa risasi.

"Huyu hana kichaa," ulimwambia. "Anakunywa maji, anatujua sote, hajamwonyesha mtu meno."

"Mama Naetwe, mimi si daktari. Nina watoto wa kijiji kizima mikononi mwangu."

"Hata mimi si daktari. Ndiyo maana nitampeleka kwa daktari. Nipe mpaka Jumamosi."

Akakubali. Jumamosi, siyo zaidi. Ilikuwa Jumatano.

Alhamisi tuliondoka kabla jua halijatoka. Zimi alitembea nusu saa hivi, akakaa chini katikati ya njia, ulimi nje, akihema. Ulivua kanga ya juu, ukachuchumaa, ukaniambia nimwinue. Akakaa mgongoni kwako na miguu ya mbele mabegani, kidevu shingoni, ametulia kabisa. Kila tuliyekutana naye akipanda mlima alisimama. Mzee mmoja mwenye punda alikusalimia vizuri, akauliza habari za nyumbani, akauliza habari za mashamba, na mwisho akasema, "Lakini mama, huyo mtoto ana mkia." Ukamwambia, "Amefuata upande wa baba yake." Sijawahi kusikia mtu akicheka peke yake njiani kwa muda mrefu namna ile.

Pale stesheni ya Makanya mkaguzi wa treni alikataa mbwa asipande. Ukamfunika Zimi kanga mpaka masikioni, ukakaa kwenye benchi ukimpapasa na kumbembeleza, ukamwambia mkaguzi kwamba unampeleka mgonjwa Same na hutamshusha mgonjwa wako. Sijui kama alidanganyika au alichoka. Tulipanda. Wasafiri wa daraja la tatu wakamgawia Zimi ganda la muhogo, nawe ukamkatalia kwa kuwa alikuwa anahema mno.

Daktari wa mifugo pale Same alikuwa kijana mrefu kutoka Bukoba, mwenye Kiswahili cha polepole. Alikuamkia shikamoo kwanza, ndipo akamtazama mbwa. Aliweka kipimo chake kifuani kwa Zimi, akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akaniwekea na mimi masikioni. Nilisikia moyo ukipiga halafu ukivuma, kama maji yanayopita mahali pabaya. Nadhani maisha yangu yalianzia hapo, ingawa wakati ule nilijali tu kwamba mtu mzima amenipa kifaa chake nikakigusa.

"Hana kichaa," alisema. "Hana mimba pia. Ni moyo."

Akachoma sindano nene tumboni, na maji yakaanza kutiririka kwenye karai, ya manjano, mengi kiasi kwamba ulinyanyuka ukatazama kama karai halivuji. Ukamuuliza yametoka wapi maji yote yale wakati mbwa hanywi kuliko wengine.

"Mama, moyo wake umepanuka na umechoka. Damu inayofika kwenye figo ni kidogo. Figo hazijui kwamba moyo unaumwa. Zinadhani mwili umekaukiwa maji. Basi zinatoa ujumbe kwenye damu kwamba chumvi ishikwe, maji yashikwe, yasitoke. Ujumbe wa namna hiyo tunauita homoni."

Ukasema, "Kwa hiyo figo zinasema uongo."

"Hazisemi uongo. Zimekosea."

"Sasa nani wa kuziambia kwamba zimekosea?"

Yule kijana akatabasamu. Alikwambia kwamba dawa ya kuziambia bado haijapatikana. Lililowezekana ni kumkojoza na kumnyima chumvi. Alivuka barabara mwenyewe kwenda hospitali ya watu kuomba vidonge, akarudi navyo ndani ya bahasha, pamoja na cheti alichokiandika kwa mkono wake kwamba mbwa huyu haumwi kichaa. Cheti ulikiweka kifuani.

Vile vidonge vilifanya kazi, Mama. Daktari alimpa cha kwanza palepale, na safari ya kurudi Zimi alikojoa stesheni ya Same, akakojoa kwenye mlango wa behewa, akakojoa Makanya, na kutoka pale hadi Suji hakuna jiwe la njia yetu ambalo hakuliwekea alama. Sehemu kubwa ya mlima aliupanda kwa miguu yake.

Jumamosi ulimpelekea Mzee Kiondo cheti. Alikisoma mara mbili, akasema, "Sawa." Baada ya wiki mbili tumbo lilikuwa limerudi mahali pake, na Mama Senzota akaja kukupa pongezi za uzazi. Ila lile katazo la chumvi likawa adhabu yetu sote, kwa kuwa hukutaka kupika vyungu viwili. Tulikula makande bila chumvi pamoja na mbwa, na aliyetaka alijinyunyizia mwenyewe kwenye sahani.

Sasa nina jambo sijawahi kukwambia. Unakumbuka mara ile tumbo lilipoanza kuvimba tena, ukakaa jikoni ukalia, ukidhani umekosea kumpa vidonge. Hukukosea. Ni mimi. Nilikuwa namwonea huruma. Kila nikisafisha samaki wa chumvi, vichwa nilimpa yeye nyuma ya nyumba, karibu wiki nzima. Nilipokuona unalia niliacha, na tumbo likashuka, nikaomba Mungu usijue. Lakini kesho yake ulipika samaki na vichwa vyake hukunipa mimi kusafisha, ukavitupa mwenyewe chooni, na hukuniuliza kitu. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba ulijua. Asante kwa kunyamaza kule.

Na wewe nawe uliyajua yale maneno ya daktari kuliko alivyodhani. Siku moja baada ya kupalilia, mke wa Mzee Kiondo alikaa chini ya kivuli cha ghala, akavua viatu, nawe ukaubonyeza mguu wake uliovimba, kidole chako kikaacha shimo. Ulimuuliza kama anakohoa alfajiri. Akasema ndiyo. Ukaenda moja kwa moja kwa mumewe aliyekuwa amesimama na viongozi wenzake.

"Mwenyekiti, mkeo anaumwa kama Zimi alivyoumwa."

Kumfananisha mke wa mwenyekiti na mbwa, mbele ya watu. Ukaendelea bila kupepesa macho, ukamweleza habari za moyo na figo na chumvi vilevile ulivyoelezwa, na ukamwambia asingoje mwisho wa palizi. Kesho yake walishuka Same. Hospitali walimlaza wiki tatu, akarudi na miguu myembamba na bahasha ya vidonge, akaishi mpaka akaona wajukuu.

Zimi alituvusha mavuno mawili. Alikufa mchana, amelala pembeni ya mahindi, bila kuhangaika. Aliyemchimbia kaburi ni Mzee Kiondo. Alikuja na jembe lake mwenyewe, akalichimba refu kuliko lilivyohitajika, na alipomaliza alibaki amesimama, kofia mkononi.

Mimi niliendelea kusoma. Nilijifunza kwamba figo zikipungukiwa damu hutoa kimeng'enya kiitwacho renini, na renini huanzisha kazi ambayo kimeng'enya kingine, kilichojaa mapafuni, huimalizia. Hapo ndipo inapopatikana homoni inayobana mishipa na kuamsha homoni ya pili, ile inayoziamuru figo zishike chumvi. Leo ipo dawa inayokizuia kile kimeng'enya cha mapafuni. Mbwa kama Zimi nimewapa kwa mikono yangu, wakaongezewa misimu. Na moyo wenyewe, Mama, nao hutoa homoni yake ukizidiwa, inayoziambia figo ziachie maji. Tunaipima kwenye damu, na mbwa anajulikana mapema, hajaanza hata kukohoa. Siku nilipoifundisha mara ya kwanza darasani nilitamani uwe umekaa benchi la mbele na maswali yako.

Ulikuja mara moja tu kuniona kazini, unakumbuka, tayari una fimbo. Nilikuvalisha koti jeupe. Ulipita kati ya meza zote, ukauliza kila chupa ina nini, na karibu zote zilikuwa na mkojo wa mbwa. Jumapili yake, nilipokurudisha nyumbani, nje ya kanisa kule Suji, nilikusikia ukiwaambia wenzako, umesimama wima kabisa, "Mwanangu ni mkubwa sana huko. Mikojo yote ya mbwa inapita kwake."

Sijapata kupewa cheo kikubwa zaidi, na hata juzi kwenye sherehe hawakukifikia. Pumzika vizuri, Mama. Mimi nina afya, nina furaha, na makande yangu mpaka leo hayana chumvi.

Ni mimi, binti yako wa kwanza,
Naetwe