Mkanda wa Kananu

Kanyakine

Mjukuu wangu Kendi,

Huku tuko salama. Kifua cha babu yako kimepata nafuu, na majani chai yamechipuka vizuri.

Umeniuliza kama uchague mguu wa bandia wa mkanda, au ule unaoshikwa na hewa ndani ya kikombe paja linamoingia. Sijui, mama. Ninaoujua ni wa marehemu dada yangu Kananu tu. Ulikuwa wa mbao, na mkanda wa ngozi wa kufunga kiunoni.

Asubuhi ya harusi yangu aliniambia, "Paja limepungua. Kikombe kinacheza, kinanichubua."

"Vumilia leo tu," nikamjibu, na mkanda nikaukaza mwenyewe.

Mlangoni mwa kanisa mguu ulijipinda, akaanguka mbele ya watu wote. Nilipomvua mguu huo jioni, soksi ya paja ilikuwa imelowa damu. Hakunilaumu. Lakini aliishi miaka mingi baadaye, na hakuniambia tena hata siku moja kwamba anaumia. Nilimwona tu akiuma mdomo.

Mguu wowote utakaopewa, ukikuumiza mwambie fundi. Kisha nipigie simu uniambie na mimi, hata kama ni kila siku.

Nyanya yako,
Nkatha