Tulinyoa Vichwa, Mke Wangu Akauliza Nani Amekufa

Mpendwa mshauri, Shangazi Kevina, naomba msaada wako na uniwie radhi kwa mwandiko, maana nimechoka hata mkono umechoka. Mimi naitwa Ondoga, ni mkulima wa mihogo hapa Aroi, mke wangu Paska ni mtu wa Lobule, Koboko, tuna watoto watatu, na tangu Pasaka anatibiwa saratani ya titi hospitalini Arua, kila baada ya wiki tatu anatundikiwa dripu ya dawa kali, na mimi ndiye nampeleka, ndiye nashika beseni akitapika, ndiye napika, ndiye napalilia, wala silalamiki, ila mwili una mwisho wake.

Baada ya dripu ya pili nywele zikaanza kutoka, kwanza kwenye mto, halafu akichana zinatoka mafungu mafungu, mwisho akazimaliza mwenyewe kwa wembe na kujifunga kitambaa, akaacha kuuza ufuta soko la Inde, akaacha na kanisa, kwa sababu unajua kwetu mwanamke akinyoa kipara watu wanamuuliza kilio ni cha nani. Nikaumia sana. Kwenye simu nikaona video ya watu wa ng'ambo, mama yao mgonjwa kama Paska, familia nzima ikanyoa ili asijione peke yake, mama akacheka na kuwakumbatia, nikasema basi dawa ndiyo hii. Siku aliyokwenda peke yake kupimwa damu nikajinyoa, nikawanyoa watoto wote, hata yule mdogo wa kike aliyekuwa analia, tukajipanga mlangoni kumsubiri.

Paska akashuka kwenye boda, akaviangalia vile vichwa vinne, mfuko ukamwanguka. Akauliza, "Nani amekufa?" Nikasema, "Hakuna mutu. Tumenyoa juu yako." Akasema, "Juu yangu? Ondoga, mimi iko hai. Munanilia mbele ya siku yangu." Hata hatujamaliza, dada yangu Filda akaingia uani mikono kichwani anapiga yowe, kwa sababu kabla hatujajipanga aliwaona watoto kisimani wamenyolewa akajua mgonjwa amekwenda, na nyuma yake binti yake amebeba karai la maharagwe makavu ya kulisha waombolezaji. Maharagwe yenyewe mpaka leo yapo pembeni, hakuna anayetaka kuyagusa.

Siku ile ile Paska alikwenda kwao Lobule. Amekataa dripu ya nne, ambayo ni Jumanne. Nilipiga simu, akapokea mama mkwe, tunayemwita Mama Lako, akasema, "Mutu ya kunyoa mbele ya kifo, anangoja kifo. Mutoto yangu haiko maiti. Kaa kule kwako." Nimefikiri nisubiri nywele ziote kidogo ndipo niende.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Nilipokuwa najinyoa nililia sana, na moyoni nilikuwa naagana naye. Kuna siku nimechoka mpaka natamani haya mambo yaishe, vyovyote vile. Je, mimi ni mtu mbaya? Nifanye nini?

Ondoga, Aroi

SHANGAZI KEVINA ANAJIBU

Ondoga mwanangu, pole. Wewe si mtu mbaya. Umebeba nyumba nzima peke yako miezi hii yote, na aliyechoka hivyo hutamani mzigo ushuke, huko si kumtakia mtu kifo.

Sasa nikukaripie. Huko ng'ambo kunyoa ni kunyoa tu. Aroi kunyoa ni msiba, na wewe umezika wazee, unalijua hilo, ukalisahau kwa sababu ya simu! Mwenzako anajifunga kitambaa ili asiulizwe kilio ni cha nani, wewe unakwenda kumpangia kilio mlangoni. Mgonjwa haulizwi uji, ni kweli, lakini kichwa chake anaulizwa. Na kilichomkimbiza si vipara. Aliuona uso wako, akaona umeshaaga.

Eti usubiri nywele ziote! Saratani haimngoji kinyozi. Leo hii mpigie nesi, mweleze, usikie dripu ikichelewa inakuwaje. Kesho vaa kofia, nenda Lobule na Filda, aliyepiga yowe akaliombee radhi mwenyewe. Ukifika msalimie Mama Lako kwa heshima, usijitetee, omba jembe ukapalilie karanga zake hadi utakapoitwa. Paska akitoka mwambie ukweli: naogopa, nimechoka, na nilikosea kukuaga ukiwa hai. Akikutukana, nyamaza. Akimaliza, muulize yeye anataka nini: kitambaa, wigi, kofia, au kipara wazi. Atakachochagua, hicho hicho, hata kama hukipendi.

Nywele kwa wengi huota tena dawa zikiisha, ila nesi ndiye wa kumwambia hilo, si wewe. Kwa sasa aoshe kichwa kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kali aache, na jua la mchana ajifunike. Akipata homa, hata kidogo, mkimbize hospitalini siku hiyo hiyo.

Na wewe pumzika. Filda ana mikono ya kuleta maharagwe, basi anayo pia ya kushika beseni. Mpe zamu yake.

Hayo maharagwe msiyatupe. Jumanne, Paska akikubali dripu, mkitoka hospitalini myapike, na yeye akae uani pale pale mlipojipanga. Huenda asiweze kula hata kijiko kimoja, si neno, kuleni ninyi. Jirani akipita akauliza msiba ni wa nani, usimjibu wewe. Mwachie Paska amjibu.