Maembe ya Mgeni

Dada yangu Amtulla,

Assalamu alaikum. Jana Mama alipika piza uipendayo, tamu na chumvi pamoja: maembe ya msimu huu, jibini na zeituni. Maembe yaliletwa na mgeni.

"Mtu mwenye adabu zake," Mama alisema. "Kasema, mpe Aliasgar, mwambie nyumba tumeijua."

Wiki iliyopita, mimi na karani mwenzangu Morris tuliwaeleza polisi tuliyoyaona kwenye ghala letu Shimanzi. Morris hajaonekana tangu Jumatatu. Mkewe anasema kwao pia yaliletwa maembe.

"Mbona huli, mwanangu? Matamu haya!"

Nikala vipande vitatu.

Tafadhali mwite Mama aje huko Tanga, umwambie unaumwa. Mimi usiningojee. Kesho natoa ushahidi.

Nduguyo,
Aliasgar