Alhamisi za Mama Dirishani

Mama yangu wa Silanga,

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti cha cherehani, hapa hapa dirishani unapopajua. Sare za shule zimenijaa mpaka miguuni, shule zinafunguliwa Jumatatu, na mimi nimeshika kalamu namwandikia mtu ambaye posta haimfikii tena. Ungeniona ungesema, "Kazi inakungoja na wewe unacheza!" Acha nicheze leo. Hamu yako imenishika tangu asubuhi na haitaki kuniachilia.

Huku Kawangware mambo ni yale yale. Nikiinua macho naona bomba la ploti na foleni ya mitungi, kamba za nguo, na ule ukuta wa mabati ambao mvua imeshaula chini. Mama Achieng, jirani wa mlango wa pili, ameketi nje anachambua visamaki vyake vya omena. Saa nne za asubuhi, kila Alhamisi, ndipo ulikuwa ukitokea pale kwenye kona ya bomba, kikapu cha mboga kichwani. Ulikuwa umetoka Silanga kwa miguu, ukapanda Kibera yote mpaka Olympic, ukavuka Ngong Road, ukaja. Hata sasa Alhamisi ikifika saa hizo mguu wangu unapunguza mwendo wenyewe, na macho yanaenda kwenye kona. Anatokea mtu mwingine na mtungi wake.

Kukaa dirishani ulinifundisha wewe. Chumba chetu cha Silanga kilikuwa na kidirisha kimoja kinachotazama bwawa, na chini yake kishamba chako. Kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kukaa hapo na kupiga kelele mbuzi wa watu wakiingia kwenye mboga za sukuma. Siku moja nilisinzia, wakamaliza mistari miwili mizima. Nilijua leo ni fimbo. Wewe ulitazama yale mashina matupu, ukacheka mpaka ukaketi chini, ukasema, "Leo mbuzi wamekula vizuri kuliko sisi." Kicheko hicho ndicho ninachokikumbuka kwanza, kabla hata ya uso wako.

Kisha nikakutana na Baba Nekesa, fundi wa mbao, nikahamia kwake huku bila mzee hata mmoja kwenda kwetu nyumbani kuongea. Ile ndoa ya njoo tukae ya watu wa Nairobi. Hukunigombeza. Ulinikumbusha tu kwamba kwetu mama haingii nyumba ya mkwe ambaye hajapeleka ng'ombe, sembuse kula chakula chake. Nikadhani ni maneno ya mdomoni, ukishazaliwa mjukuu yatakwisha. Nekesa akazaliwa. Ukaja, ukasimama nje ya dirisha hili.

"Mama, ingia basi."

"Niingie wapi? Ng'ombe zimefika?"

"Zitafika Disemba."

"Haya, na mimi nitaingia Disemba. Nipe huyo mtoto."

Nikampitisha Nekesa dirishani, ukampokea kwa mikono miwili. Tuliishi hivyo. Disemba za Baba Nekesa zilikuja zikaenda, tatu, na kila moja ilikuwa na sababu yake: mara kazi imelala, mara mjomba wake aliyepaswa kuongoza wazee anaumwa mguu. Wewe ulimwogesha mtoto bombani, ukamwimbia, akajifunza kukuita kukhu, yaani nyanya, kabla hajajua kuniita mimi. Mama Achieng alikuwa akikutolea kigoda. Kwao Wajaluo mambo hayo wanayajua, kwa hiyo hakuuliza swali.

Na mimi je? Ukaidi nilinyonya kwako, mama, usikatae. Niliona haya mbele ya ploti nzima, watu wakidhani nimemfungia mamangu mlango. Siku ile ya kwanza nikakwambia, "Kama huingii, mimi nami sitoki." Nilitaka kukutisha. Kisha neno likawa la kweli, nikalishika. Ukawa nje, nikawa ndani, cherehani katikati, tunaongea huku nashona. Ukiondoka nakuaga nikiwa nimeketi, na Mama Achieng ndiye anayekusindikiza mpaka barabarani. Siku moja aliniuliza, "Mama Nekesa, kwani huyu mama ni mgeni wangu ama ni wako?" Nikacheka. Siku hizo nilikuwa na jibu la kila kitu.

Halafu ile Alhamisi ya mvua. Ilianza umeshafika, na Mama Achieng alikuwa sokoni, mlango wake umefungwa na kufuli. Paa letu halijatokeza nje hata shubiri mbili, maji yakawa yanakumwagikia mgongoni. Nilikusihi. Nikakwambia Baba Nekesa yuko kazini, hatajua.

"Yeye asijue, na mimi je?" ukasema. "Nikiingia hivi, nani atakuletea heshima yako? Watasema mama yake mwenyewe alishakubali."

Leo nayasikia maneno hayo yote. Siku ile nilisikia ubishi tu. Nikavuta ubao wa dirisha, nikaufunga usoni pako, nikidhani ukiona pamefungwa utazunguka uje mlangoni. Nikangoja hapo kitini. Uligonga ubao mara moja, taratibu, bila hasira. Nilipofungua, fungu la mboga za mrenda lilikuwa limening'inia kwenye msumari linatiririka maji, na wewe ulikuwa ukipinda kona ya bomba.

Alhamisi iliyofuata hukuja. Nikasema amekasirika, atapoa. Ya pili nikasema mimi siendi kwanza. Ya tatu akaja jirani yako wa Silanga kusema kifua kimekubana, umepelekwa nyumbani kijijini. Nilifunga safari siku hiyo hiyo, mama, naapa. Nilifika ukiwa umeshafunikwa shuka.

Ng'ombe alifika. Baba Nekesa alimleta kwenye mazishi yako kama mkwe anavyotakiwa, na ilikuwa Disemba. Mama mdogo akanishika bega akasema, "Sasa dada angeingia kwako." Alitaka kunifariji. Nilimchukia kwa muda.

Leo asubuhi, katikati ya sketi, niliinuka nikatoka nje, nikasimama mahali pako. Hapo nimepita mara elfu nikienda kuteka maji, lakini kusimama na kutazama ndani, sijawahi. Nekesa akaniuliza kutoka ndani, "Mama, umepoteza nini?" Nikamwambia aketi kwenye kiti changu, ashike kitambaa, ajifanye anashona. Akakunja shingo vile anavyoniona nikiikunja kila siku.

Mama, kumbe uso hauonekani. Anayeshona hapa, aliye nje anamwona utosi na mistari ya nywele, basi. Ulikuwa ukitembea kutoka Silanga kuja kutazama utosi wangu, na hukuwahi hata mara moja kuniambia niinue kichwa.

Nisamehe. Ng'ombe sikuweza kuzipeleka mimi, hilo lilikuwa la wanaume na Disemba zao. Lakini kutoka nje kulikuwa kwangu. Hatua nane, nimezihesabu leo.

Lala salama, kukhu wa Nekesa. Sikuombi tena uingie.

Ni mimi binti yako, niliyebaki ndani.