Mashimo ya Mikonge

Pugu, Jumatatu

Jumamosi tumepoteza hatua ishirini na mbili za shamba la babu, pamoja na kaburi la bibi. Nimezipima mara tatu kwa miguu yangu.

Mikonge ya mpakani tuliing'oa wenyewe. Mpimaji alisema bikoni zake, vile vinguzo vya zege vya mpaka, zinatosha, nasi tukataka eneo lionekane safi. Sasa tajiri aliyenunua upande wa pili kazihamishia bikoni ndani kwetu.

Mwenyekiti wa mtaa leo kanicheka: "Mama Zuhura, mikonge ingekuwepo ningekutetea. Sasa nitetee nini, mashimo?"

Mashimo. Kumbe hatujayafukia. Nimerudi nikayahesabu: kumi na saba, mstari mmoja ulionyooka.

Kesho saa nne namsimamisha mwenyekiti penye shimo la kwanza. Aniambie kwa mdomo wake, bibi yangu kazikwa kwa nani?