Auleria kwa W

Temeke, 10 Februari 1974

Dada Yuliana mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Masasi, pamoja na Baba na watoto wako wa darasani. Sie huku wazima, ila uzima wenyewe ngoja nikueleze. Nimejifungua mtoto wa kike, mnene, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Mama mkwe amekuja kutoka Bukoba kumpokea mjukuu. Kabla hajafungua mzigo wake alishasema mtoto aitwe Auleria, jina lake. Dada, unajua yaliyotupata. Wa kwanza tulimwita Auleria, homa ikamchukua kabla hajaota meno. Wa pili tukamwita Auleria, hata kutambaa hakuwahi. Kila nikijaribu kumwita huyu hivyo, ulimi unakataa. Nikimwambia Wilbert, ananijibu, "Mama ameshasema," kisha anarudi kwenye gazeti lake.

Sitoki peke yangu. Sokoni anakwenda yeye mama mkwe, maji naletewa, na akirudi anauliza nani alikuja. Niulizie kwa Baba kama naweza kuja nyumbani na mtoto, tumpe jina huko.

Mdogo wako,
Adelina

*

Masasi, 21 Machi 1974

Mdogo wangu Adelina,

Marahaba, na hongera kwa uzazi. Hapa ni wazima, ila Baba mgongo unamsumbua. Nilimsomea barua yako akiwa anachonga mpini wa jembe, hakuinua macho. Amesema mtoto ni wa ukoo wa mumeo, mahari walitoa, na jina haliui mtu. Waliokufa waliuawa na malaria. Nilibishana naye mpaka akaondoka kizingitini. Shuleni nasikilizwa, nyumbani bado.

Hata angekubali, njia haipo. Mvua zimekata barabara huko Rufiji, mabasi yamekwama. Barua hii nampa mtu anayepanda meli Mtwara. Vumilia mpaka kiangazi. Kula vizuri, unyonyeshe.

Dada yako,
Yuliana

*

Temeke, 30 Mei 1974

Dada mpenzi,

Shikamoo. Baba mpe pole ya mgongo. Mie na mtoto hatujambo, na leo nina jambo la kukuchekesha.

Tulikwenda kliniki, mama mkwe akabaki benchi la nje. Nesi akaniambia, "Taja jina la mtoto herufi moja moja, nimechoka kukosea majina ya watu." Nikajisikia nasema A, halafu W, halafu U. Akauliza, "W ya nini?" Nikamwambia ndivyo linavyoandikwa kwao Bukoba. Akacheka, akasema asubuhi hiyo ameshaandika Ashah na Djuma, kwa hiyo Awuleria si ajabu.

Mama mkwe hakusoma. Akiita uani, sikio linasikia lile lile. Lakini mie najua wale wawili walikuwa na jina lile, na huyu ana la kwake. Wewe mwalimu utaniona mjinga. Ila tangu siku hiyo naweza kumwita, Dada. Namwita, naye anageuka.

Mdogo wako,
Adelina

*

Temeke, 8 Septemba 1974

Dada,

Shikamoo. Kimya changu usikichukie. Mtoto mzima, anasimama kwa kushika ukuta.

Wilbert aliiona kadi ya kliniki. "Umesoma mpaka darasa la nane, jina la mama yangu ndilo limekushinda?" Nilikuwa nimechoka, nikamwambia kweli yote. Akaenda kumweleza mama yake kwa lugha yao.

Nilitegemea matusi. Mama mkwe akaja akaketi chini mbele yangu, miguu ameinyoosha. Akasema, "Nimezikwa mara mbili hapa Temeke. Mara mbili watu wamelia jina langu nami nimesimama nawatazama. Sasa wewe unasema ni mimi niliyewaua."

"Sikusema hivyo, Mama."

"Herufi yako imesema."

Sikuwahi kufikiri kwamba naye alikuwa akizika.

Wilbert ameamua ubatizo uwe Oktoba, na jina liandikwe linavyotakiwa. Nisipotaka, nirudi kusini peke yangu, mtoto abaki. Tangu siku hiyo tunapika watu wawili jikoni bila neno.

Mdogo wako,
Adelina

*

Masasi, 2 Oktoba 1974

Mdogo wangu,

Marahaba. Baba alisikia barua yako, akaniomba nimsomee tena. Kisha akasema, "Mwambie aje. Aje na mtoto. Habari za mahari nitazizungumza mimi." Barabara imekauka. Niandikie siku utakayopanda basi, nitakungoja stendi.

Dada yako,
Yuliana

*

Temeke, 17 Novemba 1974

Dada mpenzi,

Shikamoo. Mfikishie Baba shukrani zangu.

Mtoto amebatizwa. Padri aliuliza jina, Wilbert akamwachia mama yake aliseme. Alikuwa amempakata mtoto. Akamtazama usoni mpaka watu wakaanza kukohoa, kisha akasema, "Demetria." Wilbert akamgeukia. Akarudia, "Demetria," jina la mama yake mwenyewe aliyekufa zamani. Njiani kurudi mama mkwe akaninong'oneza, "Unadhani unaogopa peke yako?" Nikamshika mkono, tukaenda hivyo hadi nyumbani.

Wilbert mwenyewe akalainika, akaniruhusu nije kwenu na Demetria. Nikafunga begi. Tukiwa tunachambua mchele mama mkwe akasema, "Huyu nimekuachia. Lakini siwezi kufa bila kuacha jina. Anayefuata ni wangu." Nikaitikia, nikidhani ni maneno ya huko mbele.

Juzi asubuhi alinikuta uani natapika. Hakuuliza kitu, aliniletea ndimu. Niliporudi chumbani begi halikuwepo. Nililikuta chumbani kwake, chini ya kitanda, nguo zangu amezitoa na kuzipanga pamoja na zake. Wilbert anasema mwenye mimba hasafiri barabara ile, na mama yake hatarudi Bukoba mpaka nijifungue.

Usiningoje stendi, Dada. Mama mkwe ananitunza vizuri, hanigombezi tena, hata ndoo haniachii nibebe. Anaketi mlangoni na kushona nepi, na akitaka nimsogezee uzi ananiita kwa upole, "Mama Auleria." Naitika.

Mdogo wako,
Adelina